Nani Amfundishaye Mwalimu wa Mukuru?

Na MWANDISHI WETU

NI ajabu ya Nairobi kwamba mtu akiambiwa fulani "amepelekwa Industrial Area", haulizi ni kiwanda gani alichopata kazi. Huuliza amekosa nini. Gereza la rumande lililoko huko limejitwalia jina la eneo zima, hata wengi wakasahau kuwa upande huo wa mji ndiko unakosagwa unga wetu, ndiko inakochemshwa sabuni yetu, na ndiko vinakotoka vitabu vingi ambavyo watoto wetu hubeba mgongoni kila asubuhi.

Eneo lenyewe limezungukwa na makao ya watu. Upande mmoja, ukivuka reli, kuna mitaa ya zamani ya Eastlands: Makongeni, Mbotela, Kaloleni, na mbele kidogo Maringo na Jericho. Upande mwingine kuna South B. Na huko chini, kandokando ya mto Ngong, nyuma ya kuta za viwanda, vimesongamana vijiji vya mabati vya Mukuru: Kayaba, Viwandani, kwa Reuben na kwa Njenga. Wenyeji wa vijiji hivyo ndio wanaoamka alfajiri kwenda kusimama malangoni mwa viwanda kutafuta kibarua. Watoto wao huenda shule.

Ni juu ya shule hizo tunataka kuzungumza leo, na hasa juu ya mtu mmoja aliyemo ndani yake ambaye watu humsahau mara kengele inapolia na ubao ukaandikwa. Mtu huyo ni mwalimu. Mtoto hufundishwa na mwalimu. Je, mwalimu naye hufundishwa na nani?

VITABU VIKO JIRANI

Ndugu msomaji, shika barabara ya Enterprise. Hapo utaikuta Jomo Kenyatta Foundation, iliyoundwa mwaka 1966, ambayo vitabu vyake vimepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi. Katika barabara ya Funzi, hapo hapo karibu, wako Longhorn, ambao wazee wanawakumbuka kwa jina la Longman. Ukielekea barabara ya Mombasa, upande wa Belle Vue, utawakuta Kenya Literature Bureau, warithi wa lile shirika la vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa na wakoloni mwaka 1947. Kwa ufupi, sehemu kubwa ya masomo ya nchi nzima hupitia katika pembe hii moja ya Nairobi kabla ya kufika Turkana au Taveta.

Kutoka kwenye baadhi ya malango hayo hadi darasa la kwanza la mabati kule Mukuru, mtu huenda kwa miguu. Kitabu hufika. Kitabu cha mwongozo wa mwalimu nacho, bahati ikiwapo, hufika. Lakini mwongozo huo husema nini? Husema mwalimu awaongoze wanafunzi wagundue wenyewe jinsi ya kujumlisha nusu na thuluthi. Basi. Haumwambii atafanyaje hivyo akiwa na watoto sitini katika chumba ambacho yeye mwenyewe hana pa kupita kati ya madawati.

Mwalimu asiye na wa kumwuliza hufanya alilofanyiwa yeye alipokuwa mtoto. Huandika kanuni ubaoni, watoto wakaiimba kwa sauti, kisha wakaisahau kabla ya Ijumaa. Mwalimu mwenye jirani hufanya vingine. Jirani humwambia: "Chukua chapati moja, mwalimu. Ikate vipande sita vilivyo sawa. Waulize watoto nusu yake ni vipande vingapi, watakwambia vitatu. Waulize thuluthi, watakwambia viwili. Sasa wahesabu vyote." Watoto huona vipande vitano kati ya sita kwa macho yao, na tena kwa hamu, kwa kuwa wanajua chapati hiyo haitarudi jikoni.

Jambo kama hilo mtu haendi kulisomea shahada. Hulipata kwa mwenzake, tena kwa dakika tano. Na hapa pana jambo la kuchekesha kidogo juu ya shule za mabati. Kuta zake ni nyembamba mno, pengine ni ubao mwembamba tu au karatasi ngumu, hata sauti ya darasa la tatu husikika vizuri katika darasa la nne. Wageni huona hiyo ni kero, nayo ni kero kweli. Lakini mwalimu kijana aliyeanza kazi juzi, akiandika ubaoni mgongo umeelekea watoto, humsikia mwenzake wa upande wa pili akieleza somo lile lile kwa njia iliyo bora. Kesho yake naye huijaribu. Shule kubwa ya mawe yenye milango ya kufungwa haimpi mwalimu wake bahati hiyo.

FUNDI HAJIFICHI

Eneo hili la viwanda lina desturi yake ya kufundishana, na ni desturi ya zamani. Kijana aingiaye gereji au karakana ya kuchomelea vyuma huanza kwa kushika spana na kumwangalia fundi. Fundi hafanyi kazi yake gizani. Akikosea, mwanagenzi huona. Akitengeneza, mwanagenzi huona vile vile. Baada ya muda kijana hupewa kazi ndogo, fundi akasimama nyuma yake. Hakuna anayeona aibu katika hilo, kwa maana ndivyo kazi inavyorithiwa.

Tena Serikali iliona zamani kwamba desturi hiyo inastahili kuwekewa sheria na fedha. Sheria ya mafunzo ya viwandani ilitungwa mwaka 1959, na tangu mwaka 1971 ikaongezwa ada ambayo waajiri hutozwa ili wafanyakazi wafunzwe. Ofisi inayosimamia jambo hilo, ambayo tangu mwaka 2011 inaitwa NITA, iko pale pale barabara ya Commercial, katikati ya eneo la viwanda. Ada yenyewe imekuwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 600, na anayelipa ni mwenye kiwanda.

Sasa tumtazame mwalimu. Septemba mwaka 2021 tume ya TSC ilizindua mpango wa mafunzo ya kuendeleza walimu kazini. Kila mwalimu alitakiwa asome sehemu moja baada ya nyingine kwa miaka mingi, katika mojawapo ya taasisi 4 zilizoteuliwa, na ada ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwaka. Anayelipa ni nani? Ni mwalimu mwenyewe, kutoka mfukoni mwake. Walimu walilalamika nchi nzima, na vyama vyao vikapinga. Wako waliosema kuwa walimu hawa ni wavivu, hawataki kusoma. Kwa maoni yetu hilo halikuwa neno la haki. Mtu anayeambiwa alipe mara kumi ya kile ambacho tajiri hulipa kwa ajili ya kibarua wake ana haki ya kuuliza swali.

Walimu wa Kenya hawajapata kuchukia kusoma. Historia yao inaonyesha kinyume chake.

SIKU ZA POSTA NA REDIO

Wazee wa Eastlands watakumbuka Desemba mwaka 1973. Mzee Jomo Kenyatta alitangaza kuwa karo itaondolewa katika madarasa manne ya kwanza, na Januari ilipofika watoto walimiminika shuleni kama mvua ya masika. Walimu hawakuwapo. Mwaka 1973 nchi ilikuwa na walimu wa msingi wapatao 56,000, na kati yao 12,600 hivi walikuwa hawajapata mafunzo. Ilipofika mwaka 1975 walimu walikuwa kama 90,000, na wasiohitimu wamepita 40,000. Vijana waliomaliza darasa la saba au kidato cha pili walikabidhiwa chaki na kuambiwa waendelee.

Vijana hao walifunzwaje? Walio wengi hawakuwa na nafasi ya kuacha kazi na kwenda chuo cha ualimu kwa miaka miwili. Lakini tangu mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilikuwa na idara ya masomo ya posta kule Kikuyu, iliyoanzishwa kwa msaada wa Wamarekani. Mwalimu alitumiwa masomo kwa posta, akayajibu usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta, akayarudisha yasahihishwe. Sauti ya Kenya ilitangaza masomo hayo kwa redio. Likizo ikifika, walimu walikutana kwa siku kadhaa ana kwa ana.

Msomaji asidhani kuwa masomo ya posta ni kazi ya mtu mmoja na bahasha yake. Redio moja husikilizwa na watu watatu au wanne. Aliyefahamu hesabu humweleza asiyefahamu, naye hulipwa kwa kusaidiwa Kiingereza. Katika nyumba za Eastlands, ambako chumba kimoja kilikuwa sebule, jiko na malazi, kusoma peke yako hakukuwezekana hata kama ungetaka.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 vikaanza vituo vya ushauri kwa walimu, ambavyo kila mwalimu wa zamani anavijua kwa jina la TAC. Mara nyingi kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja tu ndani ya shule ya msingi: kabati la vitabu, meza ndefu, ramani, mashine ya kudurufu yenye kuchafua vidole. Aliyekaa hapo alikuwa mwalimu mwenye ujuzi, na kazi yake ilikuwa kuzunguka shule za kanda yake, kukaa nyuma ya darasa na kutazama, kisha kushauri. Hakuwa mkaguzi. Mkaguzi alikuja na kalamu nyekundu. Huyu alitakiwa aje na wazo. Wako waliokuja na wazo kweli, na wako waliokaa ofisini wakinywa chai. Jina la kituo halikubadili tabia ya mtu.

KISWAHILI, SHENG NA INSHA

Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi. Tunakifurahia hicho kitendo hadi leo. Lakini fikiria hali ya mwalimu aliyesoma yeye mwenyewe bila ya kutahiniwa Kiswahili, akakizoea cha sokoni na cha kwenye basi, halafu siku moja akaambiwa afundishe ngeli, methali na insha. Alikwenda wapi? Alikwenda kwa mwalimu mwenzake, hasa yule aliyetoka pwani, ambaye ghafla akawa mtu wa maana katika chumba cha walimu. Alisikiliza redio. Alisoma magazeti ya Kiswahili akiwa na kalamu mkononi.

Na mwalimu wa Eastlands alikuwa na mzigo wa ziada. Sheng ilizaliwa katika mitaa hii hii yake. Mtoto wa Jericho au Makongeni huingia darasani na lugha yake kamili, yenye vichekesho vyake, na kwake Kiswahili cha kitabu ni lugha ya mgeni kutoka mbali. Akiandika insha, huchanganya. Mwalimu mmoja hufuta kila neno kwa wino mwekundu hadi karatasi ikavuja damu. Mtoto hukata tamaa. Mwingine huandika maneno ya mtaani upande mmoja wa ubao na ya sanifu upande wa pili, akawafanya watoto wayapime wenyewe: hili litafaa wapi, hili nalo litafaa wapi? Ujuzi wa namna hiyo haukuandikwa katika silabasi. Walimu waliugundua na kupeana, na mpaka leo wangali wanapeana.

Wengi wao watakwambia kuwa somo kubwa kupita yote walilipata katika kusahihisha mitihani ya taifa. Hapo walimu wa kila pembe ya nchi hukaa meza moja, wakapewa insha ile ile, kila mtu akaitia alama, kisha wakalinganisha. Huyu amempa mtoto 12, huyu amempa 16. Kwa nini? Kila mmoja hutakiwa ajieleze mbele ya wenzake. Mwalimu akitoka hapo na kurudi darasani, hasahihishi tena kama alivyokuwa akisahihisha.

Tusisahau nyimbo na michezo ya kuigiza. Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na lile la drama la shule mwaka 1959. Watu huyaona kuwa ni mashindano ya watoto. Lakini mtazame mwalimu wa kwaya mwamuzi anaposimama kueleza kwa nini sauti ya tatu imezama: ana daftari, anaandika kila neno, na lililosemwa juu ya kwaya ya shule nyingine huliandika pia. Mwaka ujao kwaya yake haizami tena. Sisi wa ukurasa huu, ambao kazi yetu ni mambo ya utamaduni, tungesema matamasha hayo yamefunza walimu wengi kuliko semina nyingi zenye mabango.

KUTOKA JAPANI

Miaka ya karibuni imeleta mipango mikubwa zaidi. Mwaka 1998, kwa msaada wa Wajapani, ulianza mpango wa SMASSE wa walimu wa hesabu na sayansi wa shule za sekondari. Makao yake ya kwanza yalikuwa chuo cha walimu wa sayansi kilichojengwa kwa msaada wa Waswidi katika barabara ya Ngong. Ulijaribiwa katika wilaya 9, na mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Baadaye makao yakawa CEMASTEA kule Karen. Shabaha yake ilikuwa kumtoa mwalimu katika hotuba na kumwingiza katika vitendo: mwanafunzi afanye jaribio, na kifaa kikikosekana mwalimu akibuni.

Kwa upande wa kubuni vifaa, mwalimu wa Industrial Area ana utajiri ambao mwenzake wa mashambani hana. Chupa, mabaki ya mbao, nyaya, vifuniko, karatasi zilizokatwa pembeni na mashine za uchapaji: vitu hivi hutupwa kila siku kandokando ya barabara ya Lunga Lunga. Kinachotakiwa ni mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuvitumia.

Wajapani wana desturi moja ambayo imeletwa pia huku, nayo inapendeza. Walimu kadhaa hukaa na kutayarisha somo moja kwa pamoja. Mmoja wao hulifundisha, wengine wakakaa pembeni wakiwatazama watoto: nani amefahamu, nani amepotea, na amepotea wakati gani. Baadaye hukaa tena na kulijadili lile somo. Hawamjadili mwalimu, wanajadili somo lao wote. Likiharibika, limeharibikia wote. Halafu mwingine hulifundisha tena likiwa limerekebishwa. Kwa nini tunasema inapendeza? Kwa sababu haina tofauti kubwa na fundi na mwanagenzi wake pale gereji.

Kwa shule za msingi, Wizara ilianzisha mwaka 2001 mpango wa kuwaendeleza walimu wakiwa shuleni mwao. Katika kila shule ya umma walichaguliwa walimu 3, mmoja wa Kiingereza, mmoja wa hesabu na mmoja wa sayansi, wakasoma vijitabu, wakakutana kwenye kanda zao, kisha wakatakiwa kuwafunza wenzao. Kiswahili hakikuwa miongoni mwa masomo hayo matatu ya kwanza, na sisi tumelitia hilo moyoni. Hata hivyo mpango ulikuwa na akili. Mwaka 2003 karo ilipoondolewa tena na watoto wa shule za msingi wakapanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2, angalau kila shule ya umma ilikuwa na watu watatu wa kukimbiliwa.

WALIO NJE YA DAFTARI

Katika hayo yote, msomaji ameona neno moja likirudi: shule ya umma. Hapo ndipo penye shida.

Shule za umma katika Mukuru hazitoshi hata kidogo. Ziko chache, kama ile ya Kwa Njenga, na kama St. Elizabeth ya Lunga Lunga iliyotokana na kazi ya masista wa Mercy walioianza mwaka 1985. Zimejaa pomoni. Kwa hiyo watoto wengi husoma katika shule ndogo za watu binafsi, za makanisa na za vikundi vya wazazi, ndizo hizo za mabati tulizozitaja. Walimu wake wengi ni vijana wa mitaa hiyo hiyo waliomaliza sekondari. Hulipwa kidogo, na hicho kidogo hulipwa karo ikiingia. Machi mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipofunga shule, karo haikuingia tena. Wengi waliuza mboga au kurudi kwao mashambani, na wako ambao hawakuonekana tena ubaoni.

Mwalimu huyu hana nambari ya TSC. Sheria ya mwaka 2012 inasema asiyesajiliwa asifundishe. Hata hivyo kila asubuhi anafundisha, na Serikali inajua, kwa kuwa bila yeye watoto hao wangekuwa barabarani. Mwongozo wa Wizara wa mwaka 2015 kuhusu shule hizi ulikubali jambo hilo kwa namna fulani: baadhi ya walimu wawe wamehitimu, na waliobaki wawe wanaendelea kusoma.

Wasomee wapi? Kuanzia mwaka 2021 vyuo vya ualimu wa msingi vinapokea wanafunzi wa stashahada badala ya kile cheti cha P1 cha zamani, na anayetaka kuingia hutakiwa awe amepata alama ya C katika mtihani wa sekondari. Kijana wa Viwandani aliyepata D+, akafundisha darasa la pili kwa miaka minane, akawatoa watoto wakisoma vizuri, hana mlango. Wale vijana wa mwaka 1974, ambao wengine walikuwa na elimu ndogo kuliko yake, waliwekewa posta na redio. Yeye hakuwekewa kitu.

Kuna ushahidi kuwa angefaidika. Mwaka 2011 ulianza mradi wa PRIMR wa kufundisha kusoma na hesabu katika madarasa ya kwanza, na shule ndogo za vijiji vya Nairobi ziliingizwa pamoja na za umma. Walimu walipewa vitabu na miongozo, lakini pia walipewa mshauri wa kuwatembelea darasani, kuwatazama wakifundisha, na kuzungumza nao. Watoto wao walisoma vizuri kuliko wenzao waliokuwa nje ya mradi. Watafiti waliona jambo jingine pia: mshauri aliyepewa shule nyingi mno aliwafikia walimu mara chache, na matokeo ya watoto yakashuka kwa kadiri hiyo. Mambo yalitegemea miguu ya mshauri. Mradi huo ndio uliozaa Tusome mwaka 2015, ambao ulifika katika shule za umma zaidi ya 20,000 na zile ndogo zaidi ya 1,000. Wale walimu washauri wa TAC, ambao siku hizi ni maafisa wa mtaala chini ya TSC, walipewa vishikwambi vya kuandikia waliyoyaona darasani, na nauli wakalipwa kwa kadiri ya shule walizotembelea. Kwa mara moja, kukaa ofisini na kunywa chai kukawa hasara.

Miradi hii ina desturi ya kwisha. Mfadhili huondoka, mshauri naye huitwa kwingine. Walimu wa Mukuru hubaki na walichokuwa nacho mwanzo, yaani wao kwa wao. Mpishano wa maswali na majibu sasa hupita katika simu, kwenye makundi ya WhatsApp: nani ana mtihani wa muhula wa pili, nani anajua jinsi ya kufundisha mradi wa kilimo pasipo na udongo. Simu husaidia sana. Lakini simu haikai nyuma ya darasa ikaona kwamba wale watoto watatu wa kona hawajainua mkono tangu Jumatatu.

Wala vijiji vyenyewe havikai mahali pamoja. Mwaka 2021 tingatinga zilipobomoa Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, maelfu ya watu walikosa makao na madarasa nayo yalibomolewa. Walimu waliokuwa wakipeana vitabu juu ya ua walitawanyika katika mitaa mingine.

Tungependa kuuliza wakubwa jambo dogo. Shule ya umma ya Lunga Lunga au ya South B inapoandaa kikao cha walimu wa kanda wakati wa likizo, mkufunzi amekwisha kulipwa, chumba kipo na ubao upo. Kumkaribisha mwalimu wa shule ya mabati iliyo ng'ambo ya ukuta akae nyuma na kusikiliza kunahitaji kiti kimoja na kikombe kimoja cha chai. Na barua ya mwaliko haihitaji hata stempu. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuipeleka kwa miguu na kurudi kabla kengele haijalia.